Mauti Yasiyouma

Kitabu hiki kilitufikia jalada likiwa limechanika. Kilikuwa kimepita mikononi mwa vijana sita au saba wa darasa la kipaimara, kikitoka mkoba huu na kuingia mkoba ule. Tulipokifungua tuliona jambo lililotushangaza: kurasa za mwanzo zilikuwa zimechakaa na kukunjwa pembe, lakini hamsini za mwisho zilikuwa safi kama zimetoka dukani jana. Kitabu kinachopendwa huchakaa mwishoni, kwa sababu msomaji hurudi huko mara kwa mara. Hapa hakuna aliyerudi. Tulipowauliza vijana sababu walitazamana, kisha mmoja akasema, "Mchungaji, soma tu. Utaona."

Tulisoma. Na kwa kuwa si haki kuhukumu mwisho bila kujua mwanzo, tuliazima na vile vingine, tukavisoma jioni baada ya vikao vya usharika, wakati mwingine hadi usiku ambao si wa mtu mwenye ibada ya kwanza asubuhi.

Kitabu chenyewe ni *The Blood of Olympus* cha Rick Riordan, Mmarekani, kilichotoka Oktoba 2014. Ni cha tano na cha mwisho katika mfululizo uitwao *The Heroes of Olympus*. Mwandishi huyu alikuwa mwalimu wa shule huko Texas. Alianza kwa kumsimulia mwanawe hadithi za kale za Wayunani kabla ya kulala, mtoto aliyekuwa na shida ya kusoma na ya kutulia darasani. Humo akazaliwa Percy Jackson, kijana mwenye shida hizohizo, anayekuja kugundua kwamba baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari. Kitabu cha kwanza kilitoka 2005 na mfululizo wa kwanza ukaisha 2009. Huu wa pili ulianza 2010, kitabu kimoja kila mwaka.

Swali la wazee wa kanisa tunalijua, maana tumeshaulizwa: vijana wetu wa kipaimara wanafanya nini na miungu ya Wayunani? Tutajibu kwa ufupi. Paulo alitembea Athene, akaziangalia madhabahu zao moja moja, tena akisimama Areopago alitumia maneno ya washairi wao wenyewe. Hakuna kijana tuliyemkuta akimwomba Zeus. Miungu ya Riordan haiombeki hata kidogo. Mungu wa divai ameadhibiwa kusimamia kambi ya watoto, naye amekatazwa kuonja tone. Hermes ana kampuni ya kusafirisha vifurushi. Apollo huendesha jua kama gari la kifahari, na mlango wa kuzimu uko Los Angeles, ndani ya studio ya kurekodia muziki. Yule mpiga ramli wa Kirumi, Octavian, badala ya kuchinja mnyama huwapasua wanasesere wa dubu na kutabiri kwa pamba iliyo tumboni mwao. Tulicheka peke yetu ofisini hata mhudumu akachungulia. Ukitaka kumfundisha kijana kwamba sanamu ni kitu kitupu, Isaya alitumia njia hiyohiyo ya kicheko: yule seremala anayeota moto kwa nusu ya gogo na kuisujudia nusu iliyobaki.

Kwa hiyo tatizo letu na kitabu hiki liko kwingine. Liko katika kifo cha Leo Valdez.

Tumweleze Leo kwa wale wasiomjua, maana bila yeye hatutaelewana. Mashujaa wa mfululizo huu ni saba. Sita kati yao ni wapenzi wawili wawili, na Leo ni wa saba, yule anayebaki amesimama wengine wakishikana mikono. Ni mwana wa Hephaestus, mhunzi wa miungu. Mikono yake hutoa moto, na ndiye aliyeijenga meli inayowabeba wote. Alipokuwa na miaka minane, mama yake alikufa katika moto ndani ya karakana yao, na Leo akaishi miaka akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwua. Mama huyo aliitwa Esperanza, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni tumaini. Baada ya hapo alilelewa katika nyumba za watu, akitoroka moja na kupelekwa nyingine. Huyu ndiye mchekeshaji mkuu wa mfululizo huu. Kila penye hofu ana utani. Kila mtu akimkaribia mno, anatupa mzaha mwingine kama mtu anayetupa mfupa ili mbwa asimfikie.

Vijana kama Leo tunao. Wako katika kila kwaya ya vijana, ndio wanaowachekesha wenzao kwenye basi la kwenda mkutano wa jimbo. Mchungaji anayewajua hujifunza kusikiliza baada ya kicheko, katika ule ukimya mfupi kabla ya utani unaofuata. Riordan anaujua ukimya huo. Katika vitabu vilivyotangulia anatuonyesha kidogo kidogo, tena kwa upole mwingi, kwamba kicheko cha Leo ni bandeji. Kwa hiyo tulikuwa na haki ya kutarajia kwamba katika kitabu cha tano ama bandeji itafunguliwa, ama angalau mtu ataiona.

Sasa hiki ndicho kinachotokea. Adui ni Gaea, yaani Ardhi yenyewe, mama wa majitu, ambaye tangu 2010 amekuwa akinong'ona usingizini, akitisha, akituma watoto wake. Unabii umesema kwamba tufani au moto ndio utakaoamua, na wenye moto na tufani wanajulikana ni nani. Mashujaa wanapata habari kwamba mmoja wao atakufa. Hapo wanafunga safari kumwendea Asclepius, tabibu wa Wayunani, naye anawapa dawa ya kufufua mtu: dozi moja tu, itolewe mapema baada ya kufa. Gaea anaamka. Baada ya vitabu vitano vya kumsubiri, anakaa macho kwa kurasa chache. Joka la shaba la Leo linamnyakua kutoka ardhini ambako nguvu zake ziko, Piper anamwimbia alale, Leo anawaka moto, mlipuko unatokea angani, basi. Leo amekufa. Wenzake wanahuzunika kwa sura mbili tatu. Kisha tunaambiwa kwamba dawa Leo alikuwa ameibeba mwenyewe kwa siri, joka lilikuwa limetengenezwa limdunge, likamdunga, akaamka, akaruka nalo mpaka kisiwa cha Ogygia kumchukua Calypso, msichana aliyemwapia kwamba atarudi. Kitabu kinaisha wakiwa mgongoni mwa joka, na utani umeshaanza tena.

Kijana mmoja alipotusikia tukilalamika alitupinga vizuri. "Lakini Mchungaji, ni kitabu cha kuchekesha. Ulitaka watu walie?"

Ni swali la haki. Jibu lake liko katika mwandishi huyohuyo. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na vichekesho vilevile, tena vingi zaidi, lakini kitabu chake cha mwisho, *The Last Olympian* cha 2009, kinaanza kwa kifo cha Beckendorf, kijana mwema ambaye hakuna dawa inayomrudisha. Kinafikia kilele pale Luke, msaliti ambaye mwili wake umetekwa na Kronos, anapopata nafsi yake kwa dakika moja na kuitumia dakika hiyo kujiua kwa kisu cha Annabeth ili adui afe pamoja naye. Kisha Percy anaahidiwa kutokufa na miungu, anakataa, na badala yake anaomba miungu iwatambue watoto wake wote waliotelekezwa. Msomaji anafunga kitabu akiwa amecheka na koo likiwa limembana. Kwa hiyo kicheko si kisingizio. Tena mwaka 2018, katika *The Burning Maze*, Riordan alimwua Jason, mmoja wa saba hawahawa, na hakumrudisha. Kuandika kifo anajua. Katika kitabu hiki kimoja ndipo alipokiogopa.

Kuna malalamiko mengine ambayo vijana waliyataja kabla ya hilo, na kwetu si makubwa hivyo. Percy na Annabeth, waliotoka kuteseka Tartaro katika kitabu cha nne, hapa hawana hata sura moja inayosimuliwa kutoka moyoni mwao. Tunawaona kwa macho ya wengine tu. Binti mmoja alisema ni sawa na kumwuguza mtu miaka yote, halafu siku ya kuruhusiwa hospitali unaambiwa usubiri getini. Tulicheka, lakini ana hoja.

La Octavian limetusumbua zaidi. Yule mpiga ramli wa wanasesere anaishia kuwa nabii wa uongo kweli kweli, naye anakufa kwa kunaswa nguo kwenye mtambo wake wa kurusha mawe na kurushwa pamoja na kombora. Waliomwona amenaswa waliacha itokee. Hadithi haisimami kuwauliza chochote. Nasi hatusemi kwamba Octavian alistahili kuonewa huruma kubwa. Tunasema kwamba vijana watatu wanaotazama mwenzao anakufa na kunyamaza walistahili angalau usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Hata hivyo, ndani ya kitabu hikihiki kuna kitabu kingine kidogo ambacho ni kizuri, na yeyote anayekisema vibaya bila kukitaja hicho hatendi haki. Wakati ile meli inakwenda Athene, Reyna, Nico na kocha wao Hedge wanaivusha bahari ya Atlantiki sanamu kubwa ya Athena, ile ya Fidia iliyokuwa Parthenon, ili kuwapatanisha Wayunani na Warumi kabla hawajachinjana. Nico anaweza kuwavusha kwa kupitia vivuli, lakini kila safari inamla. Anaanza kufifia, mikono yake inakuwa kama moshi. Reyna anampa nguvu zake mwenyewe. Naye Reyna, mkuu wa jeshi, msichana ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilegea, huko kwao Puerto Rico anafunua alichokificha tangu utotoni: jinsi baba yake alivyokufa kwa mkono wake. Anayesikia hakimbii. Sisi Walutheri tungeliita jambo hilo kwa jina lake, ungamo, na tungeona kwamba mzigo wa sanamu unakuwa mwepesi tangu hapo. Safari hii ina gharama. Kila kurasa ishirini mtu anapungukiwa na kitu, na anayempunguzia ni rafiki anayejipunguza mwenyewe. Ukisoma sura hizo peke yake utadhani ni kitabu cha mwandishi mwingine.

Ndiyo maana mwisho wa Leo unauma. Ama tuseme, ndiyo maana tunasikitika kwamba hauumi.

Tusieleweke vibaya. Kosa si kwamba Leo alirudi. Wakristo ndio watu wa mwisho duniani wanaoweza kulalamika kwamba mtu aliyekufa amerudi. Kosa ni kwamba dawa ilikuwa mfukoni tangu mwanzo, na kwa kuwa ilikuwa mfukoni, mwandishi aliona hakuna haja ya mtu kufa kweli. Linganisha na Bethania. Yesu alijua atakachokifanya pale kaburini. Kwa lugha ya hadithi hii, dozi alikuwa nayo mkononi. Na bado, mbele ya Mariamu anayelia, alilia. Yohana angeweza kuliruka jambo hilo na kwenda moja kwa moja kwenye jiwe kuondolewa. Angeokoa nafasi. Lakini alijua kwamba Lazaro ambaye hakuna aliyemlilia hajafufuliwa, ameamshwa tu.

Tena wale wenzake Leo, je? Walimpenda, walimtafuta, na hadithi inafungwa wao hawajui kwamba yu hai. Hakuna Mariamu Magdalena wa kuitwa kwa jina bustanini, wala mlo wa samaki kando ya ziwa. Ni katika mfululizo mwingine, mwaka 2016, ndipo Leo anarudi kambini, na wenzake wanapanga foleni ili kila mmoja ampige ngumi kwa kuwahuzunisha. Tulicheka hapo, na ni hapo tulipoona kwamba hata mwandishi alijua ana deni. Alililipa kwa mzaha. Lakini mwili wa Leo hauna kovu lolote la kufa kwake, wala hajauliza kama huko alikokwenda kwa dakika zile alimwona mama yake. Kijana aliyeishi miaka minane na kifo cha mama anapita katika mauti na kutoka, na Esperanza hatajwi kama ilivyostahili. Hilo ndilo lililotufanya tukifunge kitabu na kukaa nacho magotini muda mrefu.

Tungeishia hapa kama si binti mmoja wa kidato cha pili. Kaka yake tulimzika mwaka huohuo, na sisi ndio tuliohubiri. Alikuja kuchukua kitabu akatukuta tunaandika maneno yanayofanana na haya. Tulimweleza tunachofikiri. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, huku akitazama jalada wala si sisi, "Shikamoo ya siku ile sikukupa, Mchungaji. Nilikuwa nimekasirika. Ulifanya kama kitabu hiki."

Tulimwomba aeleze. Akasema kwamba kabla jeneza halijafungwa tulikuwa tumeshafika Pasaka. Tulisema kaka yuko mahali pema. Tulisema tusilie kama wasio na matumaini. Tulianzisha wimbo wa furaha, na mama yake aliyekuwa analia akanyamaza kwa aibu.

Tulirudi kuitafuta ile hotuba katika daftari. Ilikuwa hivyohivyo. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kulia; aliwakataza kulia kwa namna ya watu wasiotarajia chochote. Sisi tuliikata sentensi yake katikati. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, na kwake wa pili ndiye anayekiita kitu kama kilivyo. Tumeifundisha hoja hiyo chuoni. Tumeitungia maswali ya mtihani na kuwasahihisha wanafunzi kwa kalamu nyekundu. Na siku ya msiba wa kweli, mbele ya mama wa kweli, tulikuwa na dawa mfukoni tukaidunga haraka ili jambo liishe, kwa sababu kilio kile kilitutisha.

Hatusemi kwamba Riordan na sisi tuna kosa la uzito mmoja. Yeye aliandika burudani. Kama alichoka baada ya vitabu kumi ndani ya miaka tisa, mwenye moyo atamwelewa. Sisi hatukuwa na udhuru huo. Lakini ugonjwa ni ule ule, na vijana waliuona kwake kabla hatujauona kwetu. Waliziacha kurasa hamsini zikiwa safi. Ni wangapi wameziacha safi hotuba zetu za maziko?

Tulikwenda kwa yule mama. Hayo tuliyozungumza ni yake na yetu. Tangu hapo, kwenye maziko, tunaacha muda kati ya somo na mahubiri, na mwanakwaya mmoja ameshalalamika kwamba ukimya ule ni mrefu mno.

Binti alipokuja tena, tulikuwa tumesoma darasani habari ya Tomaso. Alibaki baada ya wenzake kuondoka. Alitaka kujua kama zile alama za misumari zilikuwa bado zinamwuma Bwana wakati Tomaso alipoambiwa aziguse.

Tulimwambia Yohana hakuandika.

"Basi, Mchungaji, mimi nitaandika kwamba zilikuwa zinauma kidogo," akasema. Akakichukua kitabu mezani na kukitia mkobani, kwa maana alikuwapo mwenzake wa kidato cha kwanza aliyekuwa akikisubiri.